Rangi ya Majani Makavu

Kwenye jengo ninakofanya kazi, katikati ya mji, kuna mlinzi kijana anayeniuliza swali lile lile kila asubuhi. Naweka simu, funguo na kisu changu cha kukunja kwenye kibeseni cha plastiki, napita kwenye ule mlango unaolia, naye anakigeuzageuza kisu kwa vidole viwili.

"Madamu, hii kisu iko ya nini?"

"Ya machungwa."

Anacheka, anakitia kwenye droo yake, na jioni ananirudishia. Asubuhi niliyorudi kazini baada ya kumzika baba, ndipo aliponiuliza mara ya kwanza, nami nikajibu hivyo hivyo. Nilidhani siku hiyo labda sauti ingetetemeka, kwa kuwa kisu chenyewe kilikuwa cha baba na nilikuwa nimekitoa kwenye mfuko wa koti lake siku nne kabla. Haikutetemeka. Nikapanda ngazi, nikawasha kompyuta, nikajibu barua za watu.

Msibani pia sikulia. Shangazi yangu, dada yake baba, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mbele ya wanawake wenzake, "Huyu yuko hivyo tangu mdogo." Sikukasirika, maana alisema kweli. Moyo ukishakufa ganzi mara moja unajua njia. Mara ya kwanza ulipokufa ganzi nilikuwa na miaka minane, alipofariki mama, na yote ninayotaka kuyasema hapa yanatoka kwenye majuma yaliyofuata kifo hicho, na kwenye hiki kisu ambacho mlinzi anakiona ni kichekesho.

Baba alikuwa fundi cherehani mtaa wa Biryogo, kwenye baraza la nyumba ya matofali iliyopakwa rangi ya kijani, ambayo ilikuwa imebanduka kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa tukiichubua kwa kucha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini alikuwa na jina jingine ambalo halikumletea senti: alikuwa mtu wa kuitwa kuchinja. Mjini kwetu, mtu yeyote mwenye sherehe, awe Mkristo wa dhehebu lolote, huwa anajua kwamba miongoni mwa wageni wake hawatakosa Waislamu, na hataki mgeni akae mbele ya sahani ya wali mtupu. Basi anamtafuta Mwislamu anayejua kuchinja. Kwa kuku, mbuzi wa posa, mbuzi wa ubatizo, walimtafuta baba. Alikuwa anakwenda na kisu chake mfukoni, kile kile alichokatia nyuzi na kumenyea machungwa, kwa sababu hakuamini visu vya jikoni kwa watu. Alisema kisu cha watu hujui kimeshinda kikikata nini.

Kisu hicho alinunuliwa na mama walipooana. Mpini wa pembe, ubapa wa chuma kile kisichoshika kutu, ambacho wazee wa Biryogo wanakiita inoksi. Kiling'aa. Kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, baba alikaa kwenye ngazi na jiwe la kunolea lililoloweshwa, akakinoa. Nilikua nikiusikia mkwaruzo ule kabla ya Isha, na kwa muda mrefu niliamini kwamba visu vyote duniani hunolewa kila siku, kama watoto wanavyoogeshwa.

Mama aliumwa tumbo kwa miezi michache, kisha akafa. Siongezi hapo kwa sababu sina cha kuongeza; nakumbuka harufu ya ubani na viatu vingi mlangoni. Sikulia. Baba naye hakulia mbele yangu. Tulikula, tukalala, tukaamka. Wanawake wa mtaa walileta vyakula, na mmoja wao, mjane mcheshi aliyekuwa akiuza sambusa, alileta mara nyingi kuliko wengine. Siku moja nilimsikia shangazi akimwambia baba kwa sauti ya chini, "Mwanaume hakai hivi hivi, kaka." Baba hakujibu kitu, na mimi nikachukulia kwamba kunyamaza ni kukubali.

Juma lile lile baba akasema, "Hadija, twende Nyakabanda. Nataka kubadilisha ubapa wa kisu."

Najua leo kwamba maneno hayo hayana uhusiano na ya shangazi. Nilipokuwa na miaka minane yalikuwa kitu kimoja. Kisu ni cha mama. Baba anautoa ubapa wa mama. Kesho atatoa nguo za mama, kesho kutwa atakuja mjane na sufuria yake ya sambusa. Nilivaa ndala zangu nikamfuata.

Mhunzi wa Nyakabanda aliitwa Fundi Silasi. Alifua majembe na mapanga chini ya paa la mabati lililokuwa limejaa moshi, na palinuka mafuta ya gari yaliyoungua, harufu ambayo hadi leo nikiipata kwenye gereji yoyote natazama mikono yangu. Alikifungua kisu cha baba, akakitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Baba Hadija, hii imeisha. Mimi niko na tatu. Iko inoksi, iko tupa, iko resori. Wewe unataka gani?"

Akaweka vipande vitatu kwenye fuawe, akavigusisha kimoja kimoja kwenye jiwe lake la kuzungusha kwa mguu ili baba aone cheche. Inoksi ilitoa cheche chache, fupi, nyekundu. Tupa kuukuu, ile ya kusugulia vyuma, ilimwaga cheche nyeupe zilizopasukapasuka hewani. Resori, kipande cha springi ya lori, ikatoa za wastani, ndefu, za njano. Mimi niliona nzuri ni zile za tupa, lakini Fundi Silasi akaeleza mpaka nikachoka. Inoksi haishiki kutu, ukimenyea limau huna wasiwasi, ila makali yanakimbia. Tupa inashika makali hata mwezi, ila ukiiangusha sakafuni inavunjika kama glasi, na ukiisahau na maji ya chungwa kesho ina madoa. Resori iko katikati: inashika kutu kidogo, inakata vizuri, haivunjikivunjiki.

Baba aliomba muda wa kufikiri. Mtu aliyekuwa hajibu hata salamu sawasawa alifikiria chuma kwa siku tatu. Alikuwa anashona, anasimama, anasema peke yake, "Tupa... hapana, ikivunjika ndani ya mnyama je?" Jioni ya siku ya tatu akaniuliza, "Wewe ungechukua gani?"

"Inoksi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ndiyo ya mama."

Akanishika kichwa, akaacha mkono pale kidogo. "Tutachukua resori," akasema. Nilimchukia. Nasema bila kuficha: pale kwenye ngazi, nikiwa na uji mkononi, nilimchukia baba yangu, na ndicho kitu pekee nilichokihisi tangu mazishi.

Ubapa ulifuliwa ukawa mzuri. Tulikwenda siku ya mwisho, siku ya kuupa ugumu wake. Fundi Silasi aliupasha moto mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha kwenye kopo la mafuta, ukapiga kelele, moshi ukatusonga. Akausugua ukawa mweupe. Akatueleza kwamba sasa ni mgumu kupita kiasi na mkavu wa kuvunjika, lazima urudishwe polepole juu ya bamba la chuma lenye joto, na rangi zitapita zenyewe juu yake: kwanza rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu, halafu kijivu. "Kwa kisu, unatoa kwa majani makavu. Ukingoja, inakuwa laini. Ukingoja sana, unaweza kukatia mchuzi tu."

Hapo akaitwa nje. Mtu alikuwa ameleta geti kwenye pikapu na anataka lishushwe. "Baba Hadija, shika koleo. Unaona rangi? Ikifika, tia mafuta."

Baba akasema ndiyo. Fundi hakujua nilichokijua mimi: kwamba tangu mama augue, baba alikuwa ananipa mimi sindano niitie uzi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na fundi cherehani hasemi jambo kama hilo mbele ya mtu. Alichuchumaa, akaweka ubapa juu ya bamba, akaniambia taratibu, "Wewe uko na macho mazuri. Iko rangi gani sasa?"

"Nyeupe," nikasema. Ilikuwa kweli.

Tukangoja. Kisha majani makavu yakaja, kuanzia upande wa mgongo, yakatembea mpaka kwenye makali. Ni rangi nzuri. Ilikuwa wazi kabisa.

"Na sasa?"

"Bado nyeupe."

Kahawia ikapita. Zambarau. Buluu ikaja ikakaa, na kwa kuwa niliipenda niliitazama mpaka ikafa yote na ubapa mzima ukawa kijivu cha majivu ya jikoni. Nilikuwa na hesabu yangu. Ukiwa laini, baba hataupenda. Asipoupenda, atarudisha wa mama.

"Sasa, baba. Majani makavu."

Akautia kwenye mafuta. Ulipopoa niliuchukua kabla hajanyanyuka, nikatwaa msasa, nikausugua mpaka rangi yote ikatoka, kwani rangi ile ni ngozi nyembamba tu juu ya chuma. Fundi Silasi alirudi akanikuta hapo.

"Mumesugua tayari? Haraka ya nini?"

"Mtoto anapenda kazi," baba akasema.

Nilidhani ubovu ungeonekana siku hiyo hiyo. Sikujua kwamba chuma laini hunoleka upesi kuliko kigumu. Fundi aliutia kwenye mpini, akakinoa kisu, akanyoa nacho vinyweleo vya mkono wake, akacheka. Baba aliufunga ule ubapa wa mama kwenye kitambaa, akautia mfukoni, na sikuuona tena. Nikaamini ameutupa. Kwa siku chache alikatia nyuzi, akachinja kuku mmoja wa jirani, na jioni alinoa kuliko kawaida huku akisema chuma kipya lazima kizoee mkono.

Kisha ikaja sherehe ya kule mtaa wa Niboye.

Ilikuwa familia iliyorudi kutoka Tanzania, wateja wa baba wa miaka mingi. Alikuwa amewashonea mpaka mashati ya harusi. Binti yao alikuwa anaposwa na kijana ambaye wajomba zake ni Waislamu. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe Biryogo, akavua kofia. "Mzee wangu, wale wajomba ndio wenye neno. Naomba nyama yao iwe mkononi mwako." Baba alikubali, na mimi nilichukuliwa kwa sababu sikuwa na wa kuniachia.

Mbuzi walikuwa watatu. Baba alikuwa na taratibu zake, ambazo ni za kila mchinjaji anayemcha Mungu: mnyama asimwone mwenzake akichinjwa, na kisu kisinolewe mbele ya macho yake. Kwa hiyo kila alipomaliza alizunguka nyuma ya jiko na jiwe lake. Mbuzi wa kwanza alikwenda vizuri. Nilimwona baba akiburuta makali kwenye ukucha wake, akasimama kidogo, akaburuta tena. Akazunguka nyuma ya jiko, akakaa sana. Wa pili akaenda. Akazunguka tena nyuma ya jiko, lakini vijana wa nyumbani, kwa kutaka kusaidia, walikuwa wameshamleta wa tatu palepale nyuma, wakamlaza kwa ubavu wake wa kushoto, wakamwelekeza kibla, mmoja ameshika miguu, mwingine kichwa. Mbuzi alimtazama baba. Baba akatazama jiwe mkononi mwake, bado halijafanya kazi, akalirudisha mfukoni.

Angeweza kusema mtoeni kwanza. Nadhani aliona aibu. Akasema Bismillahi, akakata, na kisu hakikuingia. Makali yalikuwa yamelala upande. Akainua mkono, akarudia, akarudia tena. Sitaandika sauti ile. Vijana waliacha kucheka.

Ilipokwisha baba alinawa mikono, akamfuata mwenye nyumba mbele ya watu. "Huyu wa tatu msiwape wajomba. Mkono wangu umekosea, nina shaka na uhalali wake. Mtenge nyama yake." Angeweza kunyamaza pia, nani angejua? Lakini alisema, na likishasemwa halirudi. Wajomba waliposikia, hawakujua tena sufuria ipi ina nini, wakala wali na maharage, wakashukuru kwa adabu ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Posa ilipita, lakini kwa sura ngumu. Mwenye nyumba alitusindikiza mpaka barabarani, akageuka.

Mtaani waliuliza kilichotokea, na baba alijibu jibu moja kwa kila mtu. "Ni macho yangu. Kwa Fundi Silasi nilisoma rangi vibaya." Nilikuwa nimekaa pembeni ya cherehani mara zote alipolisema. Nilisubiri anitazame. Hakunitazama.

Sasa fikiria fundi cherehani anayetangaza mwenyewe kwamba haoni. Kuchinja hakuitwa tena. Hilo lilikuwa la kutegemewa. Lakini na suti zikahama, na magauni ya harusi, yakaenda baraza la tatu kutoka letu. Baba alibakiwa na viraka, kupunguza suruali, na sare za shule. Alishona sare za shule mpaka macho yalipozimika kabisa. Mjane wa sambusa aliolewa na dereva, na baba hakuoa mtu.

Kama mwezi hivi baada ya Niboye alinituma nimletee rula kwenye droo ya cherehani. Ndani, juu ya bobini, ulikuwepo ubapa wa mama. Alikuwa ameufungia kijipini cha mti. Nikauchukua nikamletea badala ya rula.

"Ah, huo," akasema. "Nafumulia mishono. Tazama ulivyobaki kama utepe. Ningeunoa mara moja tena ungekatika. Ndiyo sababu nilitaka mwingine, huu upumzike." Akaupitisha kwenye ukingo wa kaptula, uzi ukaachia. "Mama yako alidanganywa na mchuuzi, akaambiwa chuma cha Ulaya. Kilikuwa laini kama sabuni. Ndiyo nikawa nanoa kila siku."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili iweje?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Akaingia mama mmoja na sare ya kuongeza urefu, na mimi nikaenda kucheza. Miaka ikapita hivyo, mmoja mmoja, kila mmoja ukilifanya neno lile kuwa zito kuliko mwaka uliopita. Nikasoma, nikapata kazi, nikamlisha, nikampeleka kwa madaktari wa macho waliosema tumechelewa. Kila jioni alikinoa kile kisu cha resori kwa kupapasa. Nilidhani hajui nilichofanya.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nyakabanda. Kisu hakikati hata ganda la chungwa, na nilitaka kitu cha kufanya. Fundi Silasi yupo bado, amekauka, anafanya kazi amekaa kwenye kigoda. Alinipa pole ya msiba, akachukua kisu, akapitisha tupa juu ya makali. Ikauma chuma kirahisi.

"Hii mimi ndiyo nilifua," akasema. "Bado laini."

"Inaweza kurudi ngumu?"

"Yego, inaweza. Saa moja tu. Moto, mafuta, halafu tunasoma rangi. Hata baba yako nilimwambia. Alikuja hapa kesho yake ya ile sherehe ya Niboye."

Nikauliza alisema nini. Fundi alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Nilimwambia, mtu wa macho mabaya anakosa kidogo. Hapa si kidogo. Kutoka majani makavu mpaka kijivu ni safari, mutu anaenda akijua. Nikamwambia, leta, tuirudishe. Akakataa. Akasema, 'Acha, fundi. Mtoto ndiye aliitaka hivi.' Akaniomba nisiseme. Watu atawaambia mwenyewe kwamba ni macho."

Ukikalia mguu ukafa ganzi, wakati unapokufa huumii. Maumivu yako pale damu inaporudi. Niliketi kwenye vyuma vya Fundi Silasi, nikalia kwa sauti, mwanamke mzima na viatu vya ofisini, mpaka watu wa jirani wakachungulia. Nilimlilia baba, na mama, na yule mbuzi. Fundi hakuninyamazisha. Alikuwa ameshawasha makaa, akauliza kama akitie motoni.

Nikamwambia azime.

Jumatatu asubuhi niliweka simu, funguo na kisu kwenye kibeseni. Mlinzi alikifungua, akajaribu makali kwa kidole gumba, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Madamu, hii haikati kitu. Nani alikuuzia?"

"Hakuna aliyeniuzia," nikasema. "Nilikitengeneza mwenyewe, nikiwa na miaka minane."